Ramani za karatasi za PATC, namba 9, 10 na 11: maoni yangu kwa anayepanga kutembea Shenandoah mwezi wa kumi na moja

Naanza na jibu kwa wasiopenda kusoma maneno mengi: nunueni. Zote tatu kama mnataka kuitembea Shenandoah yote, ile hifadhi ya milima ya Virginia, moja moja kama mnaenda kidogo kidogo. Wenye muda nawaeleza kwa nini, maana kila nikizitaja hizi ramani lazima atokee mtu aniulize ukiwa na simu karatasi ya nini tena, na mimi huwa namuuliza kwanza unaenda mwezi gani. Mwezi wa sita, sawa, simu inatosha. Mwezi wa kumi na moja ni habari nyingine kabisa jamani.

Njia kuu iliyo kwenye ramani hizi ni Appalachian Trail. Kwa wasioijua, ni njia ya miguu ya maili zaidi ya 2,190, inaanzia Springer Mountain kule Georgia inaishia Katahdin kule Maine, inapita majimbo 14. Wapo wanaoitembea yote kwa mkupuo mmoja, miezi mitano sita wako njiani tu, ila sisi wenye kazi na watoto na kodi ya nyumba tunaitembea kwa vipande, mwaka huu hapa mwakani pale. Na asije mtu akakwambia kutembea kwa vipande ni kutembea nusu nusu, maana mtu wa kwanza kabisa kuimaliza njia yote, Myron Avery, aliitembea kwa vipande hivyohivyo akaimaliza 1936. Huyo Avery ndo alikuwa rais wa kwanza wa Potomac Appalachian Trail Club, PATC, klabu ya watu wa Washington iliyoanza 1927, na alikuwa akitembea huku anasukuma gurudumu la kupimia umbali, mtu makini kwelikweli. Klabu hiyohiyo ndo inatoa hizi ramani mpaka leo, na watu wake wa kujitolea ndo wanaofyeka njia, wanakata miti iliyoanguka, wanapaka zile alama nyeupe kwenye miti. Yani wanaotoa ramani na wanaotunza njia ni watu wa nyumba moja, na ukiitumia ramani porini utaliona hilo.

Kipande cha Shenandoah kiko Virginia, ndani ya hifadhi ni kama maili 101, kutoka upande wa Front Royal kaskazini mpaka Rockfish Gap juu ya mji wa Waynesboro kusini. Kwa sisi wa Maryland, DC na Virginia ya huku juu hicho ndo kipande cha kuanzia, saa moja na kidogo kwa gari uko Front Royal. Hifadhi imegawanywa sehemu tatu na ramani zimefuata mgawanyo huohuo, namba 9 ni kaskazini, namba 10 ni kati, namba 11 ni kusini. Ukihesabu kutoka barabara kubwa mpaka barabara kubwa, Front Royal mpaka Thornton Gap ni kama maili 28, Thornton Gap mpaka Swift Run Gap kama 34, Swift Run Gap mpaka Rockfish Gap kama 45. Kwa hiyo ramani moja ni kipande kimoja kamili chenye mwanzo na mwisho, na mtu wa vipande huna haja ya kufikiria mara mbili ununue ipi.

Sasa nije kwenye mwezi wenyewe.

Wengi wetu tumekulia sehemu ambazo jua linazama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, hulifikirii hata kidogo. Huku Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja saa zinarudishwa nyuma, na katikati ya mwezi huo jua la Shenandoah linachomoza karibu saa moja asubuhi na linazama kama saa kumi na moja jioni. Masaa kumi ya mwanga basi. Toa la kukunja hema na kuchemsha chai asubuhi maana vidole vimeganda na kila kitu kinaenda taratibu, toa lingine la kufika kambini kabla giza halijaingia utafute maji na uning'inize chakula, toa la kupumzika njiani, unabaki na saba hivi za kutembea kwelikweli. Na kutembea kwenyewe ni juu ya majani makavu ya mialoni, sehemu zingine yanafika kwenye vifundo vya miguu, huoni jiwe wala mzizi uliokaa chini yake, na mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Mtu anayekwenda maili mbili na nusu kwa saa kiangazi asijidanganye kwamba atakwenda hivyo mwezi wa kumi na moja. Panga mbili. Wenye mzigo mkubwa pangeni chini ya hapo.

Sasa chukua hesabu hiyo uiweke juu ya ramani uone. Vibanda vya kulala vya kwenye njia, wenyewe wanaviita huts, ni vibanda vya pande tatu visivyo na mlango, na ramani zinakuonyesha kila kimoja. Gravel Springs mpaka Pass Mountain ni kama maili 13. Pinefield mpaka Blackrock kama 13 tena, Blackrock mpaka Calf Mountain 13 tena. Maili 13 kwa siku, yani kilomita 21, kwa mwendo wa maili mbili kwa saa, ni masaa sita na nusu bila kusimama, ukikumbuka una masaa saba. Yani inawezekana lakini hakuna nafasi ya kuchelewa kuondoka, na hakuna nafasi ya kwenda kuangalia mandhari nusu saa. Jambo hili kwenye simu hulioni vizuri, kwenye simu unaona pini hapa na pini pale na namba katikati, ila ukiitandaza ramani chini sebuleni ukaweka rula, jicho lenyewe linakwambia siku ipi ni ngumu na siku ipi ina nafasi, na kati ya Pinefield na Blackrock ukipata tatizo utatokea wapi.

Mimi hutandaza ramani wiki kadhaa kabla, nachukua kalamu za rangi. Bluu naweka kwenye maji. Nyekundu kila mahali njia inapokata barabara ya Skyline Drive. Kijani vibanda na sehemu ninazodhani naweza kulala nikishindwa kufika. Halafu kwa penseli naandika pembeni saa ninayotakiwa niwe pale, mfano saa sita mchana niwe nimefika hapa, nikiwa sijafika nageukia pale. Hiyo ya kuandika saa juu ya ramani ndo naona imenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kununua cha kutembelea, na huwezi kuifanya kwa raha kwenye kioo cha inchi sita.

Hizo alama nyekundu zinahitaji maelezo maana ndo penye uzito. Skyline Drive ni barabara ya lami ya maili 105 inayopita juu ya mgongo wa mlima toka mwanzo mpaka mwisho wa hifadhi, na njia yetu inaikata zaidi ya mara ishirini. Ndo maana watu wanasema Shenandoah ni rahisi, ukichoka unatoka barabarani unapigia mtu simu. Kiangazi ndiyo. Lakini msimu wa uwindaji wa paa, kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, sehemu ya kaskazini na ya kusini ya hiyo barabara zinafungwa kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili asubuhi, ile ya kati tu ndo inabaki wazi, wanafanya hivyo kuzuia majangili. Na barafu au theluji ikidondoka wanaweza kufunga yote, mchana au usiku. Sasa wewe uko kaskazini, goti limeuma, saa kumi na mbili jioni giza totoro, umefika barabarani vizuri kabisa na hakuna gari hata moja litakalopita mpaka kesho. Huyo ndugu yako aliyekwambia nitakuja kukuchukua hawezi kuingia getini.

Hapo ndo ramani inalipa bei yake yote. Inakuonyesha njia za pembeni, zile za alama za bluu, zinazoshuka bondeni mashariki na magharibi, zinatokea wapi, barabara gani ya bonde iko karibu, na mpaka wa hifadhi uko wapi. Hiyo ya mpaka usiipuuze, maana sio kila njia inayoshuka inatokea mahali pa kuegesha gari, zingine zinakwenda kugota kwenye mashamba ya watu, na nje ya mpaka wa hifadhi ndo wawindaji walipo. Ndani hairuhusiwi kuwinda lakini risasi haijui mpaka, kwa hiyo vaeni kofia au fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa, na begi mlifunge kitambaa cha rangi hiyo pia.

Nisiache hili. Wengi wa nyumbani tuliopanda Kilimanjaro tulipanda na mwongozaji, mpishi na wapagazi, na sheria ya kule inataka hivyo, huruhusiwi kupanda mwenyewe. Mtu anafika huku na kumbukumbu ile anadhani mlima wa futi 4,000 ni mchezo. Urefu ni kweli mdogo, Hawksbill ambao ndo mrefu kuliko yote hapa ni futi 4,051 tu, lakini huku hakuna mtu wa kukwambia leo tunaanza saa ngapi, hakuna wa kukubebea, hakuna wa kuangalia mawingu. Kazi yote ya mwongozaji unaifanya wewe, na unaifanya nyumbani kabla hujaondoka, ukiwa na ramani mbele yako.

Maji. Mwisho wa vuli ya huku, yani fall, sio mvua za vuli za nyumbani, ndo wakati chemchemi nyingi za milimani zinakuwa zimepungua, miti imekunywa kiangazi kizima na mvua za baridi bado hazijajaza ardhi. Ramani inakuonyesha maji yalipo, haiwezi kukwambia yanatiririka leo. Kwa hiyo usipange siku yako juu ya chemchemi moja, kila alama ya bluu itafutie mbadala wake, na beba chombo cha ziada. Hapa ndo nakubali kabisa simu ina kazi yake. Programu ya FarOut, ile iliyokuwa ikiitwa Guthook, inafanya kazi bila mtandao na watu wanaandika pale chini ya kila chemchemi, leo maji yapo, leo hayapo. Ni kitu kizuri sana na mimi ninayo. Ila kumbuka wengi wanaotoka Georgia kwenda Maine wanapita Shenandoah mwezi wa tano na wa sita, kwa hiyo mwezi wa kumi na moja maoni mapya yanakuwa machache, unasoma habari ya maji ya mwezi wa sita. Soma tarehe kwanza ndo usome maneno.

Na ukavu huohuo unaleta moto. Tarehe 24 mwezi wa kumi mwaka 2023 ulianza moto kaunti ya Madison, ukaitwa Quaker Run, ukaingia mpaka ndani ya hifadhi na wakafunga baadhi ya njia. Majani makavu yakishalala chini na upepo wa vuli ukivuma ni hatari ya kweli. Sheria ya hifadhi ni kwamba ukiwa porini huruhusiwi kuwasha moto wa kuni isipokuwa kwenye majiko yaliyojengwa pale kwenye vibanda, na kukiwa na marufuku hata hapo hairuhusiwi. Kwa upande wa kupanga maana yake ni kwamba kipande ulichochagua kinaweza kufungwa wiki moja kabla, na ukiwa na ramani mbili za kukaa jirani unahamisha safari yako upande mwingine jioni moja bila kuanza upya.

Vibanda tena, kuna kitu kinawachanganya watu kwenye ramani. Kuna huts, za watembeaji wa safari ndefu wenye kibali cha usiku tatu mfululizo au zaidi, na kuna cabins za PATC, hizo zina kufuli na unalipia na kuweka nafasi mapema. Zote ziko kwenye ramani. Usiangalie alama ya nyumba ukafurahi ukapanga kulala hapo, soma jina lake kwanza. Kibali cha kulala porini unakipata Recreation.gov, fanya mapema. Chakula kinaning'inizwa, kwenye vibanda kuna nguzo ndefu za chuma kwa kazi hiyo, maana dubu mwezi huo bado hawajalala na wanakula kwa bidii kujiandaa na baridi. Na zile sehemu za chakula za barabarani, Elkwallow, Big Meadows, Loft Mountain, ramani inazionyesha lakini zinafungwa moja baada ya nyingine mwishoni mwa vuli, angalieni tarehe za mwaka husika, msije mkatembea siku nzima mkiwaza baga mkakuta mlango umefungwa. Beba chakula chako chote kama vile hazipo.

Kuhusu simu na baridi. Juu mlimani kuna baridi zaidi ya bondeni kwa kama digrii 10 za Fahrenheit, na usiku wa mwezi wa kumi na moja kuganda ni kawaida. Betri ya simu kwenye baridi inashuka haraka, inaweza kuonyesha nusu ikazima, na kioo hakikubali glavu. Laleni nayo ndani ya begi la kulalia, mchana iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, na powabanki vilevile. Ramani haina chaji, unaifungua na glavu zako, unaiangalia kwa tochi ya kichwani, basi. Sisemi acheni simu, nasema msiwe na simu peke yake.

Mapungufu yapo na nayasema. Karatasi ni kubwa, kwenye upepo wa juu ya Mary's Rock kuikunjua ni kazi, kwa hiyo ikunje nyumbani ili kipande cha siku hiyo ndo kikae juu, uiweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Urefu uko kwa futi na umbali kwa maili, aliyezoea mita itabidi azoee. Ukitaka kuona hifadhi yote kwa mkupuo mmoja hizi hazikufai, kuna ya National Geographic namba 228 ambayo ina Shenandoah yote kwenye karatasi moja, nzuri ya kutundika ukutani na kuchagua kipande, lakini kwa kupanga siku kwa siku za PATC nazipenda zaidi kwa sababu zina nafasi, vitu havijabanana, na unapata pa kuandika kwa penseli. Pia zinatolewa upya kila baada ya muda, kwa hiyo usichukue ya rafiki yako ya zamani, njia zinahamishwa na sheria zinabadilika. Na anayetumia dira akumbuke huku sindano inaelekea magharibi ya kaskazini ya kweli kwa kama digrii 10, ukungu ukishuka hiyo tofauti ni kubwa.

Kuna raha moja ya mwezi huu ambayo kiangazi huipati. Majani yakishaanguka msitu unafunguka, unaona bonde la Shenandoah upande mmoja na vilima vya Piedmont upande mwingine ukiwa unatembea tu, hata usipofika kileleni. Na unaona vitu vya watu. Kabla hifadhi haijaanzishwa 1935 milima hii ilikuwa na wakazi, mamia ya familia waliondolewa, wengine kwa nguvu, na ukitembea mwezi wa kumi na moja unaona kuta za mawe, dohani zilizosimama peke yake bila nyumba, na makaburi. Mimi naomba kila anayepita apite kwa heshima, asiokote kitu. Watu walizaliwa pale wakazika pale.

Bei ni ya kawaida, na hela inarudi kwa klabu ya watu wa kujitolea wanaoitunza njia unayoikanyaga, hiyo kwangu ni sababu tosha. Wanauza wenyewe kwenye tovuti yao, na kwenye maduka ya vifaa vya kambi ya maeneo haya huwa zipo.

Kama una hela ya moja tu na ni mara yako ya kwanza kwenda mwisho wa vuli, anza na namba 10, sehemu ya kati. Barabara yake haifungwi usiku msimu wa uwindaji, kipande chake ni maili 34 tu, na kuna sehemu nyingi za kukatisha safari mapema. Namba 11 iacheni mpaka mtakapojua mwendo wenu kwenye majani, huko kusini ni maili 45, vibanda viko mbalimbali na barabara inafungwa jioni. Mwenye swali kuhusu kipande fulani aulize hapo chini, ataje mwezi anaotaka kwenda na maili anazotembea kwa siku.